Bibi Hakufa na Miaka 112

Kaburi la bibi yangu mzaa baba liko kwenye mahame, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka njia ya Mvumi, chini ya mbuyu mmoja mnene. Fundi aliyelijengea aliandika kwa ncha ya msumari kabla saruji haijakauka: 1899–2011. Ukitoa, unapata 112. Kwa miaka kadhaa nilitamba na namba hiyo. Niliisimulia kazini, niliisimulia kwenye daladala, niliisimulia hata ukweni nilipotaka kuonyesha kwamba kwetu damu ni nzito.

Siku moja binamu yangu aliandika kwenye kundi la simu la ukoo kwamba shangazi yetu mdogo, kitinda mimba wa bibi, anatimiza miaka sitini. Alizaliwa 1957, cheti chake cha ubatizo kipo. Nikatoa 1899 kwenye 1957 nikapata 58. Nikarudia hesabu. Bibi yangu, kwa mujibu wa saruji, alijifungua mtoto wa mwisho akiwa na miaka 58, kijijini, kwa mkunga wa jadi. Hapo ndipo nilipoanza kazi ambayo nataka nikuelekeze na wewe uifanye, maana karibu kila ukoo wa Ugogo, Urangi na Unyaturu una bibi wa namna hii: aliishi mno, aliona mengi, na hakuna anayejua alizaliwa lini.

Neno langu la kwanza ni hili: usianze na umri wake. Anza na watoto wake. Mwanamke akiwa hajui mwaka aliozaliwa, uzazi wake unaujua. Ni nadra sana mwanamke kuzaa kabla ya miaka kumi na minne au kumi na mitano, na ni nadra zaidi kuzaa baada ya arobaini na minane. Basi chukua mwaka wa kitinda mimba, toa 48: bibi hakuzaliwa kabla ya hapo. Chukua mwaka wa kifungua mimba, toa 15: hakuzaliwa baada ya hapo. Kwa bibi yangu, 1957 kutoa 48 ni 1909. Kifungua mimba wake, baba mkubwa, alizaliwa karibu 1934, kwa hiyo bibi hawezi kuwa amezaliwa baada ya 1919. Kabla sijauliza mtu yeyote, kabla sijapanda basi, nilikuwa nimeshampunguzia bibi miaka kumi na kumfungia kwenye zizi la miaka kumi na moja. Hesabu hii haigharimu hata shilingi.

Ila hakikisha kitinda mimba ni wake kweli. Kwetu mtoto aliyefiwa na mama yake hulelewa na bibi au na mke mwenza hadi akasahau kwamba kuna mama mwingine, na mjukuu aliyezaliwa na binti asiyeolewa huingia kwenye orodha ya watoto kimyakimya. Uliza kwa upole, tena waulize wanawake: huyu alinyonya wapi? Jibu la swali hilo wanalo wanawake watu wazima wa ukoo, nao hawalitoi mbele ya wanaume. Uliza pia kama kati ya fulani na fulani palikuwa na mwingine. Pengo la miaka sita katikati ya watoto waliofuatana kila baada ya miwili au mitatu mara nyingi lina kaburi dogo ndani yake, au lina mume aliyekwenda vitani, au lina ugomvi uliomrudisha bibi kwao kwa muda. Pengo kubwa kuliko yote kwenye orodha ya bibi yangu ni la 1940 hadi 1946, na miaka hiyo babu alikuwa askari wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles. Baba yangu ndiye aliyefungua tena uzazi, 1946.

Ukishapata zizi, ndipo unaleta matukio. Makarani wa sensa hufanya vivyo hivyo: mtu asipojua mwaka wake, karani hufungua kalenda ya matukio ya eneo lile na kumuuliza alikuwa na ukubwa gani mambo yale yalipotokea. Wewe tengeneza kalenda yako ya nyanda za kati. Reli ya kati ilifika Dodoma 1910, na mwaka huohuo nyota kubwa yenye mkia ilionekana angani. Julai 1916 Waingereza na wenzao waliwatoa Wajerumani Dodoma. Kisha ikaja Mtunya, njaa iliyoanza vita vilipopita na kuendelea hadi karibu 1920. Ulipofika mwaka 1947, Kongwa ikajaa matrekta ya mpango wa karanga, na 1951 yakanyamaza. Uhuru, 1961. Watemi waliondolewa madaraka 1963. Operesheni Dodoma, watu kuhamishiwa vijijini, 1970 na 1971. Chama cha TANU kuamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, 1973.

Kati ya yote, Mtunya ndiyo nguzo. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kubeba mizigo, mvua zikakataa, homa kali ya mafua ya 1918 ikaja juu yake. Makadirio ya utawala wa wakati ule yalitaja watu wapatao 30,000 waliokufa katika wilaya ya Dodoma. Hakuna familia ya Kigogo iliyopita salama, na ndiyo maana kila mzee aliyezaliwa kabla yake au ndani yake alibaki na kumbukumbu moja ya mwili: alibebwa, alitembea, alimbeba mwenzake, aliachwa. Bibi alisimulia kwamba alibebwa mgongoni na mama yake kuelekea Ukaguru kutafuta chakula, na kwamba kaka yake alitembea akilia. Mtoto anayebebwa safari ya siku nyingi na bado akakumbuka hawi wa miaka kumi na tisa. Ni wa miaka mitatu, minne, sana sana mitano. Ukirudisha kutoka 1918, unapata 1913 au 1914, au mbele kidogo.

Usiulize "mwaka gani". Swali hilo humfanya mzee ajisikie mjinga, naye atakupa mwaka wowote ili umwondokee. Uliza: wakati wa Mtunya bibi alikuwa ameshapelekwa kuchunga? Alikuwa ameshatoka unyago? Kaka yake gani aliingia jandoni, na waliingia na nani? Majibu ya namna hiyo yana mizizi. Na epuka nguzo pana. Mtu akikuambia bibi aliolewa "wakati wa Mazengo" hajakusaidia, kwa kuwa Mtemi Mazengo alitawala Mvumi miongo mingi hivi kwamba chini ya utawala wake mtu angeweza kuzaliwa, kuolewa na kuitwa bibi.

Sasa nije kwenye mtego ulioninasa mimi. Bibi alikuwa akisimulia jinsi alivyoona reli ikitandikwa. Alisema "niliona", alisema "tulikimbia". Kama aliyaona hayo, alikuwa na akili timamu 1910, na hesabu yangu ya 1914 inavunjika. Niliumiza kichwa wiki nzima. Jibu nililipata kwa ndugu wa upande wa mama yake, mzee aliyekuwa akila ugoro na kunitazama kama mtu aliyepotea njia. Akaniuliza: unamsema yupi? Kwani walikuwa wawili. Bibi alipewa jina la shangazi yake, na shangazi huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Somo wawili, nyumba moja, jina moja. Aliyeiona reli ni yule mkubwa, naye aliisimulia mara nyingi kiasi kwamba mdogo akairithi simulizi pamoja na jina. Bibi hakudanganya. Kwetu jina likirudi, mwenye kulirithi huitwa na hata huheshimiwa kama yule wa kwanza. Cha ajabu kingekuwa simulizi zisiungane.

Wanaochunguza watu wa umri mkubwa duniani wanaujua mtego huu. Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, alizaliwa 1875 akafa 1997, miaka 122, na hakuna mtu mwingine ambaye umri kama huo umethibitishwa kwa nyaraka. Ana kumbukumbu ya kuzaliwa, ya ubatizo, ya ndoa, na jina lake limo kwenye sensa moja baada ya nyingine. Hata hivyo mwaka 2018 Mrusi mmoja, Nikolay Zak, alidai kwamba aliyekufa 1997 hakuwa Jeanne ila binti yake Yvonne, kwamba binti alivaa utambulisho wa mama mwaka 1934. Wataalamu wengi waliikataa hoja hiyo, na nyaraka za Arles ndizo zilizowapa nguvu ya kuikataa. Ikiwa mwanamke mwenye makaratasi yote hayo anaweza kutuhumiwa kuwa wawili, bibi zetu wasio na karatasi na wenye majina yanayojirudia wanaunganishwa kila siku bila hila ya mtu yeyote. Kwa hiyo kila unapoandika tukio kwenye daftari, andika pembeni nani kasema na alijuaje. Na jina lenye maana ya njaa au mvua lisikushawishi kwamba mwenye nalo alizaliwa katika mwaka wa njaa au wa mvua. Huenda njaa hiyo ilikuwa ya somo yake.

Hilo la "nani kasema" lilinipeleka pia kwenye chanzo cha 1899. Nilimuuliza fundi, alipewa na binamu. Binamu aliitoa kwenye kadi ya mpiga kura ya bibi. Na kwenye kadi iliingiaje? Binamu huyohuyo ndiye aliyemsindikiza bibi kujiandikisha, akaulizwa mwaka, akatazama juu kidogo, akajibu. Nilipombana alicheka. Alisema alitaka bibi awe amezaliwa karne ya kumi na tisa. Basi. Kadi haikuwa ushahidi, ilikuwa mwangwi wa binamu. Ukikuta kitambulisho cha mzee wenu chenye tarehe 1 Januari au 1 Julai, jua kuna mjukuu aliyetazama juu kidogo.

Baada ya hapo tafuta sanduku. Karibu kila bibi wa nyanda za kati alikuwa na sanduku la bati au mfuko wa nailoni chini ya kitanda, na vilivyomo huishi kuliko kumbukumbu za watu. Kwenye la bibi yangu palikuwa na kadi ya TANU yenye tarehe ya kujiunga, kadi za kliniki za watoto ambao sasa ni wazee, cheti cha kisomo cha watu wazima cha miaka ile ya sabini, risiti za kodi za babu zilizofungwa kwa uzi, na picha moja ambayo nyuma yake kuna jina la mpiga picha. Usizitupe risiti. Waingereza walitoza kodi kwa nyumba, na mume mwenye wake wawili alilipia nyumba ya kila mke. Risiti zikiwa mbili kwa mwaka mmoja, mke wa pili ameshaingia nyumbani. Jina la bibi halimo kwenye karatasi hiyo hata herufi moja, lakini kivuli chake kimo. Piga picha kila kitu hapohapo, mchana, nje, karatasi ikiwa juu ya kitambaa cheusi, mbele na nyuma. Usiondoke na karatasi zenyewe. Wajukuu waliobaki kijijini wana haki ya kukutilia shaka wewe uliyetoka mjini.

Kanisani ndiko nilikopata mengi kuliko kokote. Wamishonari wa Kianglikana wa CMS walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na Mvumi mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mwaka 1927 likaundwa Jimbo la Tanganyika ya Kati la Waanglikana chini ya Askofu George Chambers. Wakatoliki walikuwa Bihawana kabla ya vita vya kwanza, na Wapasionisti kutoka Italia wakaja miaka ya thelathini. Popote bibi yako alikobatizwa, kuna daftari. Nenda kwa paroko au mchungaji na barua ya utambulisho kutoka kwa katibu wa kanisa unakosali, nenda siku isiyo Jumapili, na usiseme "natafuta bibi yangu". Sema majina ya watoto. Ubatizo wa mtoto huandikwa na jina la mama, na kwa kuwa watoto ni wengi, mama ataonekana mara nyingi, kila mara akiwa ameandikwa kidogo tofauti: L na R zikibadilishana, ng' ikipotea, jina la baba yake likitokea mara moja tu mahali usipotarajia. Hilo la mara moja ndilo la thamani. Mimi nililikuta kwenye ubatizo wa mtoto wa tatu, aliyekufa akiwa mchanga, ambaye nyumbani hakuna aliyemtaja.

Kwenye daftari za Kikatoliki tazama pembeni. Sheria ya kanisa inataka kipaimara na ndoa viandikwe kando ya ubatizo wa mtu, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Mstari mmoja mdogo wa Kilatini pambizoni unaweza kukupa mume, mahali na mwaka. Kilatini kisikutishe: filia ni binti, nata ni aliyezaliwa, na maneno mengine paroko mzee atakusomea kwa furaha. Kwenye daftari la ubatizo wa watu wazima mwandishi hukadiria umri kwa macho. Bibi alibatizwa 1936 na pembeni ya jina lake pameandikwa miaka 25. Hiyo ingempa 1911. Sikuikataa, wala sikuiabudu; mwanamke mwenye mtoto mgongoni na jembe mkononi huonekana mkubwa kuliko alivyo. Niliipa uzito mdogo kuliko Mtunya na mkubwa kuliko kadi ya mpiga kura.

Ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, leo RITA, usiitegemee kwa bibi mwenyewe. Sheria ya kusajili vizazi iliwekwa 1920, lakini kwa Waafrika wa vijijini wakati ule haikuwa lazima. Itakufaa kwa vifo vya karibuni na kwa watoto wake. Sensa nayo ina namba tu za kusomwa na umma. Karatasi zenye majina hazisomwi. Kinachosahaulika ni jalada la mirathi. Babu alipofariki, ukoo ulikaa kikao ili kumteua msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Muhtasari ule huorodhesha wake, watoto wa kila nyumba, na ndugu walioshuhudia, pamoja na saini na alama za dole gumba. Mwombe msimamizi nakala. Katika ukoo wetu ndio karatasi pekee ambamo wake wote wawili wa babu wameandikwa kwenye mstari mmoja, na ndimo nilimogundua kwamba bibi alikuwa wa pili. Nyumbani tulilelewa tukiamini ni wa kwanza. Yule mwenzake aliondoka mapema na watoto wake wako Manyoni, wazima, wanakula na kunywa, na mmoja anafanana na baba yangu hadi nikashindwa kula.

Lakini yote hayo yanamfuata bibi kuanzia alipoolewa. Aliyekuwa kabla ya hapo humpati kwa jina la mumewe. Hapa Wagogo tumejaliwa. Kila mtu ana mbeyu, yaani ukoo wa baba yake, ana mulongo unaoambatana nao, na ana muzilo, mwiko wa ukoo: mnyama, mti au kitu kisichoguswa wala kuliwa. Mwanamke akiolewa haviachi. Bibi yako huenda alikaa miaka sabini kwa mumewe huku akikataa nyama ya mnyama mmoja ambaye kila mtu mezani anamla, na mkadhani ni tumbo lake. Waulize wakaza wana wake, waliopika naye: bibi alikuwa hali nini? Jibu hilo moja, ukilipeleka kwa mzee anayejua koo, litakuonyesha kwao. Kisha uliza mahari. Wazee watasahau mwaka wa ndoa lakini hawatasahau ng'ombe: ngapi, rangi gani, yupi alikufa njiani, nani upande wa baba na nani upande wa mama walipewa. Mgawanyo wa mahari ni ramani ya ndugu zake. Mjomba aliyepewa ng'ombe 1933 ana wajukuu leo, na wajukuu hao ndio nilioketi nao siku ya yule mla ugoro.

Mahali pia panataka uangalifu. Jina la kijiji kwenye daftari la 1936 silo lililoko kwenye ramani ya sasa. Operesheni Dodoma iliwatoa watu kwenye kaya zao za tembe zilizotawanyika ikawapanga kwenye vijiji, na majina ya kale yakabaki kwenye mahame, vichwani mwa wazee. Mipaka ya wilaya nayo imehama: Mvumi leo iko Chamwino, Kongwa ilikatwa kutoka Mpwapwa, na Wagogo wa magharibi wako Manyoni, mkoa wa Singida, ingawa zamani wote walikuwa Jimbo la Kati. Wakati wa Wajerumani tafuta chini ya Kilimatinde na "Mpapua", ndivyo walivyoiandika Mpwapwa. Mchukue mzee mmoja kwenye bodaboda, mzunguke mahameni, na kila anaposema jina weka alama kwenye ramani ya simu. Mibuyu inasaidia, haihamishwi na operesheni. Fanya hivyo mapema. Jiji linapanuka, viwanja vinapimwa, na sheria ya kuhamisha makaburi ipo tangu 1969. Kaburi lisilo na mtu wa kulisemea huhamishwa bila jina.

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nilikwenda mwisho, na nakushauri na wewe uende mwisho. Humo kuna vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza, cha Dodoma na cha Mpwapwa, vyenye majina ya watemi, njaa, mipaka na mvua. Vitakunyooshea kalenda. Bibi hayumo. Ulizia kwanza utaratibu wa kibali ili usirudi mikono mitupu. Hali ni hiyohiyo kwenye kitabu cha Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa, kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka 1954. Kisome ujue koo zilitoka wapi, ila kimejaa watemi, na wake zao wanapita kama vumbi la ng'ombe. Ukitaka kuona jinsi maisha ya mwanamke yanavyoandikwa kutoka kinywani mwake, tafuta kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel kuhusu wanawake watatu wa Mombasa, kilichotoka 1989 kwa Kiingereza na 1991 kwa Kiswahili. Waliwaacha waseme: harusi, lelemama, talaka, nyumba. Miaka ilifuata baadaye.

Na hapo niseme machache kuhusu kuketi na wazee. Nenda baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, maana Machi mtu ana uwele wake shambani na wewe ni kero. Beba sukari na majani ya chai. Salimia kwa heshima, "Mbukwenyi", usubiri uitikiwe vizuri, kisha nyamaza. Waombe ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi. Mzee mmoja leo, mwingine kesho, na siku ya tatu wote pamoja. Wakigombana umefaulu, kwa sababu kila mmoja ataleta ushahidi. Wanawake kaa nao wakibangua karanga au wakichambua mboga, mikono ikiwa na kazi. Kama kuna kikundi cha akina mama wa ngoma ya muheme kijijini, waombe nyimbo za zamani, si za wageni wa serikali. Bibi wa jirani, ambaye kwa maneno hakukumbuka chochote, aliimba ubeti uliotaja jina la baba wa bibi yangu, akashangaa mwenyewe limetoka wapi.

Kuna mambo utayapata na hayatakuwa ya kusimuliwa mezani. Wakati wa Mtunya wazazi waliwaweka watoto rehani kwa chakula, Ukaguru na kwingine, na mabinti wengine hawakurudi au walirudi wakiwa wake za watu. Kabla ya hapo njia ya misafara ilipita hapahapa Ugogo, na koo nyingi zina mtu aliyeingia kwa kununuliwa. Ukikuta jambo kama hilo, liandikwe kwenye daftari, lisipelekwe kwenye kundi la simu. Mimi nililifanya kosa hilo na jambo dogo kuliko hilo. Niliandika pale, saa tatu usiku, kwamba bibi hakufa na miaka 112, alikufa kati ya 95 na 99. Walinijibu kama niliyemuua mara ya pili. Baba mkubwa hakuzungumza nami hadi Pasaka. Kwake nilikuwa nimempora mama yake miaka kumi na mitatu au zaidi, na hakuna kitinda mimba wala Mtunya wa kumtuliza.

Hatimaye nilichapisha kurasa arobaini, nikazijalidi stesheneri pale mjini, nakala nne: moja kwa shangazi, moja kwa baba mkubwa, moja Manyoni kwa ndugu zetu wapya, moja kwangu. Ukurasa wa kwanza una somo wawili, mkubwa na mdogo, kila mmoja na mstari wake: mkubwa, aliyeona reli, bila mwaka wa kuzaliwa, mdogo, karibu 1914. Shangazi alisoma polepole kwa kidole. Alipofika hapo aliniuliza kama nina mpango wa kugusa kaburi. Nikasema nilifikiria kumwita fundi abandue bamba. Akafunga daftari, akalifunika kwa kanga, akaenda kuliweka sandukuni mwa mama yake, akiniambia huku amenipa mgongo kwamba fundi huyo asionekane mahali pale.